Kizingiti cha Kushoto

Jumapili, 6 Oktoba

Kikao cha ukoo kimekwisha, makande yamekwisha, na mimi nimejifungia chumbani kwa sababu nikibaki sebuleni nitalia, na wakiniona nalia watadhani tumeshindwa. Acha niandike kilichoamuliwa leo kabla midomo haijaanza kukibadilisha.

Babu Hezroni alipofariki alimwachia Mjomba Fredrick uwanja, kwa kuwa ndiye mwana wa kiume, na gari akamwachia Mama. Wakati ule hakuna aliyebisha. Uwanja ni mali, na gari lilikuwa limeoza. Ni Ford Capri ya milango miwili, yenye boneti refu kama pua ya mtu anayejisikia na injini ya silinda sita ambayo Mama huiwasha kila Jumapili tukitoka kanisani ili isisahau kazi yake. Injini ni nzima. Kilichokufa ni bodi. Madigadi yametoboka, mlango wa kushoto unamwaga vumbi la kutu ukiugusa, na vizingiti vya chini ya milango vimeliwa hadi kuku wa Bibi hutagia ndani. Kwenye maktaba ya Same niliwahi kusoma gazeti la Kiingereza lililoyaita magari ya namna hii magari ya misuli. La kwetu misuli linayo. Ngozi ndiyo hakuna.

Sasa Mjomba anataka kujenga nyumba, na gari limekaa pale pale utakapopita msingi. Alizungumza kutoka Dar kwa simu iliyowekwa spika mezani, wazee wote wakaiinamia kana kwamba wanaota moto. Alisema watu wa chuma chakavu watakuja kulikata na kulibeba, na hakuna atakayepata tabu. Mama akasema atakayelikata aanze kumkata yeye. Basi ikawa kesi. Sisi Wapare tunasemwa kwamba tunauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku, na leo sikuona wa kumkanushia msemaji, maana mchana kutwa uliishia hapo. Mwishowe wazee wakaamua kwamba siku ya Krismasi gari litoke uwanjani likijiendesha lenyewe, milango yake imefungwa sawasawa, mpaka kanisani. Likiweza, ni la Mama na halitajwi tena kikaoni. Lisipoweza, ni chuma chakavu.

"Milango ifungwe kwa kitasa," Mjomba alikazia kwenye simu. "Si kwa kamba, dada. Nakufahamu."

Wazee walicheka. Mama naye alicheka, halafu akaenda nje kusimama karibu na gari mpaka wageni wote walipoondoka.

Jumatatu, 7 Oktoba

Shule. Hesabu vekta. Sikumwambia mtu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Tumeshuka hadi Lembeni kwa mzee Yunus, mwenye duka la vyuma karibu na reli. Nyuma ya duka ana Capri iliyokufa kabla sijazaliwa. Mlango wake mmoja ndio lango la zizi la mbuzi. Nilimwamkia kwa sauti yangu ile ambayo Mama huiita sauti ya sisimizi, akaniambia nirudie, nikarudia, akaitikia marahaba na kusema mjukuu wa Hezroni hawezi kuwa na sauti kama hiyo, kwa sababu Hezroni alikuwa akipita Lembeni watu wanamsikia mpaka Mwanga.

Alitupatia madigadi mawili na mlango wa kushoto. Alisema mlango tuuchukue, mbuzi atawatafutia mbao. Mbuzi wenyewe walitukodolea macho tulipokuwa tukiuondoa.

Tumerudi Mbaga juu ya Fuso iliyopeleka saruji, nimekumbatia madigadi njia nzima kwenye kona. Nina alama yake shavuni.

Jumapili, 13 Oktoba

Mama ni fundi wa kuchomelea. Madirisha na mageti ya nyumba nyingi kutoka hapa hadi Same yametoka mikononi mwake. Lakini bati la gari ni jembamba, na mashine yake ya umeme hulitoboa. Itabidi akodi mitungi ya gesi mjini.

Leo nilidhani tutafunga madigadi mapya na kuyaona yamekaa. Hayakukaa. Matundu ya boliti hayakukutana na ya kwetu, na ukisukuma mbele, nyuma panafunguka. Nikasema labda Yunus ametupatia yasiyo ya gari hili. Mama akanijibu huku boliti iko mdomoni: "Kipuri hakikai, mwanangu. Kinakalishwa."

Akanionyesha. Boliti zote zinashikizwa tu, bila kukazwa. Kisha unasogeza, unarudi nyuma, unatazama, unasogeza tena. Nafasi kati ya madigadi na mlango inatakiwa kupitisha kijiti cha kiberiti kutoka juu hadi chini bila kukwama na bila kucheza. Njiti hiyo ndiyo kipimo chetu. Nimeipenda kazi hii kuliko nilivyotarajia. Ni kama kusahihisha insha: hakuna sentensi unayoigusa bila ya jirani yake kulalamika.

Jumatano, 16 Oktoba

Darasani wamejua. Siitwi tena Irine, naitwa Fundi Bodi. Aliyeanza ni Erasmo, wa dawati la nyuma, na wengine wakamfuata. Sikujibu. Jibu nililipata nikiwa nimeshafika nyumbani, na lilikuwa zuri sana.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mvua za vuli zimeanza. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na gari limesimama ndani yake kama ng'ombe aliyesahauliwa machungani.

Tumelipandisha juu ya magogo manne ili tukate kizingiti cha kushoto. Kizingiti ndicho kinachoshika bodi isijikunje, kwa sababu gari hili halina chesisi ya kubeba uzito wake. Nilikuwa nimesoma hivyo, nikauliza kama hatupaswi kwanza kuweka pimamaji tuone kama limekaa sawa. Mama anayo pimamaji nzuri ya madirisha. Ilikuwa pale pale ukutani.

"Uwanja wa babu yako haupimwi," akasema.

Lazima nieleze jambo hili kwa mtu asiye wa huku. Sisi tunaishi mlimani. Shamba limeinama, njia imeinama, hata choo kimeinama. Babu aliuchonga uwanja huu kwa jembe katika viangazi viwili, akabeba udongo kwa karai na kuujengea ukuta wa mawe. Harusi zote za kitongoji zimechezwa hapa. Mtu akitaka kusifu kitu kilichonyooka husema kimenyooka kama uwanja wa Hezroni. Kuweka pimamaji hapa ni sawa na kumwomba mchungaji cheti cha ubatizo.

Tukakata.

Jumapili, 3 Novemba

Kizingiti kipya cha kushoto kimechomelewa. Mama alikikunja mwenyewe kutoka kwenye bati, na mshono wake umenyooka kama mstari wa daftari. Bibi Dorkas alitoka na chai akautazama muda mrefu. Alisema Babu angekuwepo angechinja jogoo, kisha akasema hapana, Babu alikuwa bahili, angemtishia tu jogoo.

Jumamosi, 9 Novemba

Mlango haufungi.

Tumeutundika mlango wa Yunus. Juu unaacha nafasi ya kidole. Chini unasugua kizingiti. Mama alilegeza bawaba, akaziinua, akazikaza. Mlango haukufungika.

Jumapili, 10 Novemba

Ameweka kipande cha bati chini ya bawaba ya juu. Haufungi. Akasema huo ni mlango wa mwaka mwingine, labda mbuzi wa Yunus waliupinda. Tukautundika ule wa kwetu uliooza, ili tujue. Nao haufungi, ingawa uliishi pale miaka hamsini ukifunga.

Alhamisi, 14 Novemba

Haufungi.

Jumamosi, 16 Novemba

Rafiki yangu Kuluthumu, ninayekaa naye dawati moja, amekuja kusoma nami kwa ajili ya mitihani. Anakaa bweni, kwao ni Kihurio, tambarare ya chini, kwenye mashamba ya mpunga. Akiwa huku hutembea kama mtu anayepanda ngazi gizani, na husema sisi watu wa milimani tuna mguu mmoja mfupi kuliko mwingine.

Alisimama mlangoni akiwa na kikombe chake, akatazama uwanja, akauliza mbona umelala. Nikamwuliza umelala vipi. Akasema umelalia kule nyuma ya gari, upande wa kushoto, na kwamba kama ungekuwa jaruba la baba yake, mpunga wa huku ungekauka na wa kule ungezama.

Mama alimsikia. Alimwambia kwa upole, ule upole wake unaotisha, kwamba macho ya tambarare yakipanda mlima huona kila kitu kimeinama, kwa sababu yamezoea kulala. Kuluthumu akacheka akaomba radhi. Nami nilichukia kwa niaba ya Babu, na kwa saa nzima nilimsahihisha Kiingereza chake kwa ukali usiostahili.

Jumatatu, 18 Novemba

Mitihani. Mvua.

Alhamisi, 21 Novemba

Fizikia. Swali la nne liliuliza kwa nini maji yaliyotulia hukaa usawa mmoja katika vyombo vilivyoungana. Nilijibu, kisha nikabaki nimeshika kalamu. Msimamizi akaniuliza kama ninaumwa.

Jumapili, 1 Desemba

Kizingiti cha kulia kilipaswa kuwa kimeshakatwa. Mama hakigusi. Kila jioni huenda kwenye mlango wa kushoto, huuinua kwa mikono miwili, huusukuma kwa nyonga, nao hufunga kwa kelele kama ya sufuria iliyoanguka, na akiuachia, hufunguka wenyewe. Jana alisema wazee watakubali hivyo hivyo. Sijawahi kumsikia Mama akisema neno "hivyo hivyo" kuhusu kazi yake. Kuna geti alilotengeneza nyumbani kwa mwalimu mkuu ambalo alilirudia mara mbili bila kuombwa.

Nimeogopa zaidi kwa neno hilo kuliko kwa mlango.

Jumamosi, 7 Desemba

Shule imefungwa. Leo nimefanya jambo, na nitaliandika kwa utaratibu.

Mama alishuka Same kupeleka madirisha. Nilichukua mpira mwembamba wa maji, ule unaoonyesha ndani, ambao mafundi wa nyumba hutumia, nikaujaza maji. Ncha moja niliifunga kwenye kijiti mbele ya gari. Ncha ya pili niliipeleka nyuma, upande wa kushoto. Lakini kazi ile ni ya watu wawili, na kila niliposogea maji yalimwagika upande mwingine. Nilikuwa nimelowa, napiga magoti kwenye matope, natukana kimoyomoyo kwa maneno ya vitabuni, niliposikia mtu anacheka.

Alikuwa Mjomba Fredrick, na begi lake la safari bado begani. Hakuna aliyemtarajia kabla ya tarehe ishirini. Nikamwamkia. Akaitikia, akauliza nampima nani. Nilidhani atafurahi kwa ubaya, kwa sababu miezi hii miwili nimemfikiria kama adui anavyoandikwa: hana uso, ana sauti ya simu tu. Badala yake aliweka begi chini, akakunja suruali, akashika ncha ya mbele. Akasema anahitaji vipimo vile vile kwa msingi wake.

Tulingoja maji yatulie. Mbele, maji yalisimama shibiri moja juu ya ardhi. Nyuma kushoto yalisimama shibiri mbili. Tukarudia kwa sababu hakuna kati yetu aliyependa jibu. Likawa lile lile. Uwanja wa Hezroni umeinama shibiri nzima, tena kwa mshazari.

Mjomba hakucheka tena. Alikaa juu ya ukuta wa mawe. Akaniambia kwamba alipokuwa mdogo aliwahi kuweka gololi hapa ikaviringika, akaenda kumwambia Babu, na Babu akampiga kofi, akasema gololi ndiyo mbovu. Mama yangu alikuwa karibu, mkubwa kwake, akasema kweli gololi ni mbovu. Tangu siku hiyo Mama ndiye aliyeruhusiwa kushika spana na yeye hakuruhusiwa hata kukaa kwenye kiti cha dereva.

"Si kwamba nalichukia gari," akasema. "Sikupewa nafasi ya kulipenda."

Nilimshukuru kwa kushika mpira.

Jumapili, 8 Desemba

Nimemwambia Mama baada ya kanisa.

Nilimweleza kama nilivyojieleza mwenyewe. Gari lilikuwa juu ya magogo yanayofanana urefu, kwenye uwanja usio sawa. Kona ya nyuma kushoto ilikuwa chini kuliko nyingine. Tulipokata kizingiti tulikata mfupa unaoshika bodi, na bodi ikaning'inia kuelekea kule kwenye mteremko, kidogo tu, kiasi ambacho jicho letu halikioni. Kisha tukachomelea kizingiti kipya, na kile kilema tukakifunga ndani. Mlango umenyooka. Tundu la mlango ndilo limepinda. Tukate tena, tusawazishe, tuchomelee upya.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani hasira yake itakuwa kwa ajili ya kazi iliyoharibika, ule mshono mzuri. Haikuwa hivyo.

"Umempima babu yako," akasema. "Tena umemshikisha Fredrick mpira."

Nikasema nimepima udongo. Akasema udongo ule ni mgongo wake, kwamba yeye alikuwepo, alikuwa mtoto anayebeba karai la pili, na kama ningekuwepo nisingeleta maji kuusuta. Nikasema Babu angekuwa hai angetaka mlango ufunge. Akasema mimi ni mtoto wa vitabu, na vitabu havikuwahi kubeba udongo.

Hilo liliniuma, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu halikuwa jibu.

Ameniacha nimesimama. Bibi Dorkas, aliyekuwa akichambua maharage tangu mwanzo wa maneno yetu, hakuinua kichwa. Aliniambia polepole kwamba katika kila harusi iliyochezwa hapa yeye ndiye aliyepakua pilau, na kila mara meza aliiwekea kigae chini ya mguu mmoja.

"Ulijua, Bibi?"

"Mimi ni mke wake, mjukuu wangu. Kazi yangu ilikuwa kigae."

Jumatatu, 9 Desemba

Mama haongei nami. Mvua.

Jumanne, 10 Desemba

Niliamka nikiwa nimeshaamua, jambo ambalo halijawahi kunitokea.

Nilisawazisha magogo kwanza. Nilimwomba Mjomba ashike jeki, akashika, na niliongeza vipande vya mbao chini ya gogo la nyuma kushoto mpaka maji kwenye mpira yalipokubali kote. Gari likaonekana limeinama vibaya sana. Jicho langu la mlimani lilikataa kata kata. Nikayaamini maji.

Kisha nilivaa miwani ya Mama na glavu zake, nikawasha grenda, nikaiweka juu ya mshono wake.

Nilikata labda urefu wa kiganja. Cheche zililipuka, na kelele ilikuwa kubwa hivi kwamba sikumsikia akija. Niliona tu vivuli vya miguu. Nikazima grenda nikabaki nimechuchumaa, nikingoja kofi, na nilikuwa nimeshaandaa la kusema: kwamba anipige, nikimaliza kulia nitaendelea.

Mama alitazama mpira wa maji. Alienda mbele akatazama ncha ya pale. Akarudi. Akaenda tena. Mjomba alikuwa ameshika mpini wa jeki kama mtu aliyekamatwa na mali ya wizi.

"Hivyo unavyokata utaliua," Mama akasema. "Huwezi kukata mfupa kabla hujafunga banzi."

Alileta vyuma viwili vya dirisha, akaviweka mshazari ndani ya tundu la mlango, akavichomelea kwa nukta ili bodi isijikunje popote. Ndipo akachukua grenda kutoka mkononi mwangu. Aliukata mshono wake mwenyewe mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Kizingiti kilipoachia, tulisikia bodi ikitoa sauti fupi, kama mtu anayenyoosha kiuno, na tundu lote likasogea kwa unene wa njiti mbili au tatu. Sote watatu tuliona.

Mama alivua miwani. Akasema, bila kunitazama, kwamba gololi haikuwa mbovu.

Mjomba akasema anajua.

Ijumaa, 13 Desemba

Umeme umekatika. Tumenyoosha bati kwa nyundo.

Jumatano, 18 Desemba

Mvua ya jana imekula barabara ya kushukia kanisani. Mwenyekiti wa kitongoji, Sifael, amepiga baragumu la msaragambo: kila nyumba itoe mtu wa kujaza mawe. Asiyetoka hutozwa faini, na kinachouma zaidi ni kwamba jina lake huimbwa na wanawake mpaka kazi iishe. Mama hakuweza kuacha kizingiti nusu. Nikaenda mimi.

Walinisubiri. Walisema leo Mama Irine ametuletea kitabu kibebe mawe. Sifael akauliza, kwa sauti ya kusikiwa na mlima mzima, kama ni kweli tumeupima uwanja wa Hezroni kwa maji na kuuona umelewa. Wakacheka. Mjomba alikuwa upande wa pili wa shimo na sururu yake. Nilimwona akiinamisha uso, nikajua habari imetoka kwake.

Nilikuwa na jiwe mikononi. Nililiweka mahali pake kwanza.

"Umeinama shibiri moja," nikasema. Sauti yangu haikuwa ya sisimizi. "Na aliuchonga yeye na mtoto wake mmoja. Barabara hii tumeichonga kijiji kizima, na tazameni tuko wapi."

Kisha mama mmoja mzee alianza kucheka, akampiga Sifael mgongoni kwa jembe lake, upande wa mpini. Hawakuimba jina letu. Nilibeba mawe mpaka viganja vikachubuka, na kwa mara ya kwanza maishani jibu lilinijia nikiwa bado mbele ya watu.

Jumamosi, 21 Desemba

Vizingiti vyote viwili vimekwisha. Safari hii tulitundika mlango kwanza, tukaufunga kwa kitasa, tukapitisha njiti pande zote, na kizingiti tukakichomelea mlango ukiwa mahali pake. Nukta hapa, nukta kule, kamwe si mstari mrefu, ili joto lisilipinde bati.

Mama aliondoa vile vyuma vya dirisha. Sikuweza kutazama. Nilisikia.

Mlango unafunga.

Jumapili, 22 Desemba

Unafunga. Nimeufunga na kuufungua mpaka Bibi akasema ninamsumbua kuku.

Jumanne, 24 Desemba

Magari ya Dar yamepanda, yamejaa watoto na sabufa. Ndugu wote wamepita kulitazama gari letu. Ni la rangi tatu: bluu ya Babu, nyekundu ya Yunus, na kijivu cha bati tupu chini. Mjomba amelizunguka mara nyingi akiwa na binamu zake. Nilimsikia akiwaeleza habari ya mpira wa maji, na katika maelezo yake aliyeupima uwanja alikuwa yeye.

Jumatano, 25 Desemba

Asubuhi ukungu ulikuwa umepanda. Wazee walisimama ukutani na makoti yao ya kanisani. Bibi alikuwa ametangulia kwa miguu, maana yumo kwenye kwaya na hapendi kuchelewa kwa sababu ya kesi.

Mama aliwasha injini. Ilikohoa, ikakubali. Nikazunguka upande wa kushoto kupanda, na hapo Mjomba akaja, akashika mlango kwa juu, vidole ndani ya ukingo.

Alimwambia Mama, akiinama kumtazama juu ya bega langu, kwamba amefanya kazi kubwa na hakuna anayebisha. Lakini mambo yamebadilika. Lilipokuwa chuma chakavu, lilikuwa la Mama. Sasa limekuwa gari la Baba, na gari la Baba ni la ukoo, na mwenye kubeba jina la ukoo ni yeye. Watalipaka rangi Dar. Watu wa harusi watalikodi. Alinyoosha mkono wa pili. "Funguo, dada. Tusigombane siku ya Krismasi."

Nilimtazama Mama, nikingoja moto. Mama aliyesema wamkate kwanza. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, akitazama mbele. Nikaona kinachompata. Wazee wote wako ukutani, mwana wa kiume anadai kitu cha baba yake, na yeye ni binti aliyerudi nyumbani bila mume. Tangu utotoni amejua kugombana na Fredrick. Hajawahi kujua kugombana na ukuta ule. Nilitazama wazee. Mmoja alikuwa akifuta kiatu chake.

Sikuwa na hasira, na hilo lilinishangaza. Nilimwona Mjomba akiwa mdogo na gololi yake, na nilimwonea huruma kwa moyo wote, na nikajua pia kwamba huruma yangu haimpi gari.

"Mjomba," nikasema, "tarehe sita Oktoba wazee hawa waliamua, na sharti la kitasa ulilitoa mwenyewe. Mlango ufungwe kwa kitasa, gari lifike kanisani, ni la Mama na halitajwi tena. Hukusema likiwa zuri ni lako."

"Wewe mtoto, haya ni mambo ya wakubwa."

"Ndiyo, Mjomba. Ndiyo maana nangoja wakubwa watimize neno lao."

Mzee wa kiatu aliacha kufuta kiatu. Nikaendelea, kwa sababu nilijua nikinyamaza sauti haitarudi. Nikasema uwanja ni wake, na leo tunauacha wazi kama tulivyoahidi, ajenge, na akichimba msingi nitamshikia mpira wa maji kama alivyonishikia. Nikasema kiti cha nyuma kiko wazi, apande nasi kanisani, tutafurahi. Nilikuwa ninamaanisha.

Hakupanda. Wala hakuuachia mlango.

"Mjomba, tafadhali toa vidole," nikasema. "Nataka kufunga."

Ilichukua muda. Kisha vidole vilitoka, kimoja baada ya kingine, nikaketi, nikavuta mlango kwa mkono mmoja. Ulifunga.

Mama aliweka gia. Tulipita mbele ya ukuta na wazee wakasogeza miguu. Tulishuka taratibu juu ya mawe niliyoyabeba. Tulipofika kanisani Mama akasema nimeongea kwa sauti kubwa. Nikasema samahani. Akasema hakusema nipunguze.

Alhamisi, 26 Desemba

Gari liko barabarani, mbele ya karakana ya Mama, mahali ambapo kila apandaye Mbaga lazima alipite. Mjomba ameanza kuchimba. Asubuhi alinitumia mtoto kuniita nikashike mpira, nikaenda, tukapima bila kuzungumza jambo jingine.

Nimemwuliza Mama kama tutapaka rangi. Anasema mwaka huu hapana. Mishono ibaki wazi, ya kwanza iliyokatwa na ya pili iliyoshika, na mwenye swali asimame aulize.

Wameshaanza kusimama. Ninawajibu mimi.